Picha Aliyoipiga Raya

Nnaikumbuka adhuhuri moja, mwanangu, miaka ya tisini, hapa hapa Sib, Omani. Raya aliingia ukumbini kwangu bila ya hodi wala salamu, kalenda mkononi, hasira zimempanda.

Raya alikuwa mwenzangu tangu skuli. Mwaka uliotangulia tulipelekwa pamoja Norwei kusomea uuguzi, na likizo moja tukenda mbali kabisa kaskazini kuitazama ile mianga ya kijani inayocheza mbinguni usiku wa baridi. Kamera yake, filamu yake. Alisimama thelujini muda wa saa tatu nzima, vidole vimekufa ganzi, akipiga picha moja moja. Mimi nilitazama kidogo, baridi ikanishinda, nikarudi garini kulala. Ndiyo, nililala!

Tuliporudi, Raya alizisafisha picha zake kwenye duka la Hamriya, Maskati, akanipa iliyo nzuri kuliko zote. Nikaitundika ukutani. Mgeni akiuliza, "Kaipiga nani?" namjibu, "Mimi." Mgeni mmoja kazini kwao wakitafuta picha ya kalenda. Akaiomba, nikampa, na jina langu nikamwandikia kwa mkono wangu mwenyewe.

"Soma," Raya akaniambia. "Soma kwa sauti. Hapo chini pameandikwa nani?"

Ningeomba radhi, yangeisha. Lakini mwizi akikamatwa hupiga kelele kuliko aliyeibiwa. Nilimwita hasidi, nikamwita mchoyo, na mengine ambayo sitoyatia mdomoni tena. Akaitupa kalenda miguuni mwangu, akatoka.

Mamangu alikuwa chumba cha pili, kayasikia yote.

"Nani aliyesimama kwenye baridi?" akaniuliza.

"Raya."

"Na wewe?"

"Nililala, mama."

"Basi hasira umezitoa wapi? Hasira ni za Raya. Hata hizo umemwibia! Toka, umwendee. Leo huli sinia moja na mimi."

Nilikwenda kumwomba radhi. Raya alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu," akasema. "Lakini kalenda ziko kwenye kuta za watu. Utazipitia zote?"

Tangu siku ile mimi na yeye hupeana mkono wa Idi na wa msibani, basi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na wewe jana nimekusikia unasema kazi ya mwenzio ni yako, naye alipokukanya ukamfokea. Nimekasirika, wallahi, wala sikufichi. Cha mtu ni cha mtu, hata kikiwa ni jina tu chini ya karatasi. Ukikamatwa, inama, usipandishe sauti. Radhi huombwa mapema, kabla moyo wa mwenzio haujapata ubaridi.

Inuka umwendee sasa hivi. Mungu akulainishie ulimi, amlainishie na yeye moyo, na akubakishie rafiki yako, maana mimi wangu nilimpoteza. Amin.