Plagi Nyeupe za Enayat

Enayat nilimjua kabla hajaolewa, na tukapanda ngazi moja ya jengo letu pale mtaa wa Karmuz, Iskandaria, karibu umri mzima. Wanaomsema sasa kwamba alikuwa na kiburi hawakumwona siku alipomzika mumewe, Wahdan, akabaki na binti mdogo na teksi moja aina ya Lada, nyeusi kwa manjano. Ndugu za mume walimshauri aiuze. Akawaambia, "Uzeni zenu."

Kuendesha hakujua. Lakini Wahdan, Mungu amrehemu, hakuwa na mtoto wa kiume, na kila alipofungua boneti alimwita mkewe amshikie spana. Hapo ndipo Enayat alipojifunza plagi, zile za kutoa cheche ndani ya injini. Na ilimfaa, maana mjane mwenye teksi ni chakula cha madereva. Dereva wa kukodi huchomoa plagi nzuri akaziuza, akaweka za ovyo, na mwenye gari hana habari mpaka injini imekufa.

Enayat hakuliwa. Kila Ijumaa baada ya sala dereva alileta gari chini ya madirisha yetu, akafungua plagi zote na kuzipanga juu ya gazeti. Enayat alishuka na miwani ya marehemu puani. Ncha yenye rangi ya chai ya maziwa, injini ina afya. Nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Yenye mafuta, ringi za pistoni zimechoka. Nyeupe ndiyo aliyoiogopa: ama injini inaungua, ama plagi ni feki. Kisha alipitisha kipande cha msumeno wa chuma kwenye mwanya wa ncha, kama Wahdan alivyofanya. Kikipita kwa kubana kidogo, basi. Wanaume wa mkahawani walimcheka, "Leo daktari wa meno yuko zamu," lakini hakuna dereva aliyemwibia mara mbili.

Dereva wa mwisho alikuwa Raafat, mtoto wa kaka yake Wahdan, kijana wa maneno machache. Huyo akamchumbia Samah, binti wa Enayat. Siku ya kuvisha shabka, yaani dhahabu ya uchumba, kigelegele cha kwanza nilikipiga mimi. Walikuwa wanangoja tu nyumba imalizwe kupakwa rangi.

Mwaka ule petroli ilipanda, na teksi moja baada ya nyingine ikafungwa mtungi wa gesi kwenye buti. Raafat akamwomba mama mkwe wake, naye akakubali. Akanunua na plagi mpya. Alizichagua mwenyewe dukani, akazikuna kwa ukucha, akakataa boksi la kwanza kwa sababu maandishi yake yalimwachia wino kidoleni.

Ijumaa moja baadaye nilikuwa roshani nachambua mlenda, nikasikia sauti ya Enayat imebadilika.

"Raafat, hizi ni nini?"

"Plagi, mama mdogo."

"Plagi nazijua. Nakuuliza ni za nani."

"Ni zile zile ulizonunua."

Zilikuwa nyeupe kama chokaa. Hata mimi kule juu niliona. Enayat akachukua kipande chake cha msumeno. Hakikuingia.

"Gesi haiachi masizi," Raafat akasema. "Na mwanya nimeubana mimi. Kwa gesi ukiwa mpana cheche hairuki vizuri, gari linamisi, injini inakatakata. Waulize mafundi."

"Wahdan ameshika plagi wewe bado unanyonya."

"Ami yangu hakuwahi kutumia gesi."

Watu wa mkahawani walikwisha kusogea na glasi zao za chai. Mmoja akasema, "Daktari, ng'oa tu," wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomaliza kila kitu, mimi nasema hivyo mpaka leo. Enayat hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya macho ya watu.

"Mama, ananieleza mambo ya hiyo gesi kila siku," Samah alisema dirishani. "Msikilize."

"Wewe ingia ndani unyamaze." Kisha akamgeukia Raafat. "Umeuza plagi zangu ukaniwekea za jalalani. Anayemwibia mkwewe, mkewe atamfanyaje? Lete funguo."

Raafat akainama kwenye injini. "Ngoja nizirudishe kwanza, gari lisikae wazi." Akazifunga zote, akakaza, akafuta mikono, akaweka funguo juu ya gazeti, akaenda zake.

Kwetu, mwanamke akivunja uchumba hurudisha dhahabu. Kosa likiwa la mwanamume, dhahabu hubaki kwa mwanamke. Enayat aliikalia ile shabka, na mtaa mzima ukaelewa kwamba Raafat ni mwizi. Nilimwambia, "Irudishe mwenzangu, mambo yaishe kwa heshima." Akanijibu, "Ili waseme nimemwacha kijana wa watu bila sababu?" Hakuna mwenye teksi aliyempa Raafat gari tena. Akahamia Damanhur kubeba saruji.

Dereva mpya alipanua mianya kwa kile kipande cha msumeno, kama alivyoamriwa. Gari likaanza kumisi. Likipanda daraja linakohoa, mpaka siku moja kabureta ikapiga mlipuko katikati ya njia. Enayat akalipeleka karakana ya gesi, mimi niko naye. Fundi akachomoa plagi ya teksi nyingine iliyokuwa pale, akamtilia kiganjani. Nyeupe, mwanya umebanwa.

"Na hizi zako, hajjati, nani kazipanua namna hii? Huyo si fundi."

Enayat akamrudishia plagi yake.

Kesho yake tuliipeleka shabka kwa mama yake Raafat. Aliipokea mlangoni. "Anaposa huko Damanhur," akasema, "itamsaidia." Hakutukaribisha ndani.

Tuliporudi, Samah alikuwa anapiga pasi. Mama yake akakaa bila kuvua viatu, akasema, "Nimeirudisha dhahabu. Sasa wanajua kijana hakuiba."

"Mimi nilijua siku ile ile," Samah akasema, "ukaniambia ninyamaze."

Akaendelea na pasi yake. Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na wachumba wengine walikuja. Kila alipoulizwa anasemaje, Samah alijibu, "Muulizeni mama, yeye ndiye anayejua watu." Enayat akawa anainuka na kwenda jikoni, kana kwamba kuna kitu kinaungua.