Kaka Hakuacha Karata

Ugomvi wangu na watu wa huduma kwa wateja ulikuwa wa ajabu kidogo: mimi ndiye niliyeshinda, na mimi ndiye niliyelalamika.

Nashona nguo kwenye kibaraza cha duka, mtaa wa Kambarage. Kaka yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Runzewe. Karata tulijifunzia Maganzo tukiwa watoto, baba akichekecha changarawe za watu akitafuta almasi. Mvua ikizidi, wakubwa waliacha kazi, wakatandika gunia, wakacheza. Kaka alipohamia kwenye dhahabu aliniwekea poka kwenye simu, tukafungua meza yetu ya watu wawili, ya kucheza bure, isiyo na hela ndani yake. Tulicheza mchana, mimi nikiwa na pini mdomoni, yeye akisubiri zamu yake ya kuingia kazini. Kusema kweli tulitukanana zaidi ya tulivyocheza. Aliniandikia kwamba mimi mwizi, nikamwandikia kwamba yeye mzee wa vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Machimboni kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Mtu akiitwa kushuka duarani, yaani shimoni, mchezo ukiwa katikati, anazifunika karata zake chini, anaweka jiwe juu yake, anakwenda. Hakuna anayezigusa. Akipanda, mchezo unaendelea pale pale. Na ikitokea hakupanda, kwa sababu hutokea, hazifunuliwi. Wenzake wanauhesabu mkono ule, yaani mzunguko ule wa mchezo, kuwa ameshinda yeye. Anayezirudisha kwenye fungu ni yule tu anayeaga, asiyetegemea kurudi machimboni tena. Kaka aliufuata utaratibu huo hata kwenye simu. Aliandika "nashuka", na mkono ukabaki hivyo hivyo mpaka apande. Tulichagua makusudi meza isiyo na haraka, inayompa mtu siku nzima ya kufikiri.

Mchana ule aliandika, "Naitwa duarani." Nikamjibu, "Nenda, nangoja." Akaja mama mmoja na sare za shule za wanawe, za kupunguza kiuno, nikaiweka simu kando. Nilipoishika tena, kioo kilikuwa kimeandika: Mchezaji ameacha karata. Umeshinda. Nilisonya. Nilijua mashine yao imekosa subira ikamwondoa yenyewe, ikazirudisha karata zake kwenye fungu.

Jioni nilipigiwa simu kutoka Runzewe. Duara lilikuwa limetitia.

Tulimzika Maganzo. Mchimbaji mwenzake aliyeusindikiza mwili alimshika mama mikono yote miwili. "Mama, alishuka kama siku zote," alimwambia. "Alikuwa anacheka. Hakuna aliyejua." Mama aliyapokea maneno yale kama mgonjwa anavyopokea dawa, na kila aliyekuja kutoa pole alisimuliwa: mwanangu alishuka anacheka, hakujua kitu. Nami niliyang'ang'ania. Nilikuwa radhi kukubali kwamba amekufa, mradi tu hakupata hata nafasi ya kuogopa.

Lakini kila nikifungua simu, ile meza inaniambia ameacha karata. Iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Kaka yangu hakuacha! Mtu aliyesema anashuka ni mtu anayepanda, na kama hakupanda, hilo si la mashine kuliamulia. Nikawaandikia huduma kwa wateja wabadilishe.

"Ndugu mteja, asante kwa kuwasiliana nasi," wakajibu. "Tunafurahi kukujulisha kwamba wewe ndiye uliyeshinda mkono huo."

Nikawaambia najua nimeshinda, na sitaki. Wakajibu hongera. Hongera! Nilitamani simu ingekuwa na shingo niikabe. Nikaandika upya, wakanitumia kanuni za mchezo. Nikaandika tena, wakanishukuru kwa uvumilivu wangu, sijui nani aliwaambia nimevumilia. Mwishowe wakaniomba niwape nyota kwa huduma nzuri waliyonipa. Niliwapa moja, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kutoa pungufu ya hapo.

Baada ya matanga mama alikuja kukaa kwangu. Alikaa karibu na cherehani akinishonea vifungo, na kila simu ilipolia aliuliza, "Wamejibu?" Mama poka haijui, ila utaratibu wa jiwe anaujua, ameishi na mchimbaji na kumzaa mchimbaji.

"Waambie mwenye karata alikuwa chini," alisema. "Waambie haziguswi."

Basi nikawaeleza yote, duara, jiwe, na msiba wenyewe. Nikaandika: "Mashine yenu imezirudisha karata za mtu aliye chini. Kwetu huo ni utovu wa adabu. Andikeni kwamba mchezo ulisimama." Sikuweka tafadhali.

Safari hii hawakujibu upesi. Jibu lilipokuja, nilijua tangu neno la kwanza kwamba limeandikwa na mtu.

"Dada, pole sana kwa msiba. Nimeomba kumbukumbu za mkono ule zifunguliwe ili nizione mwenyewe. Muda wa kaka yako ulikuwa haujaisha, ulikuwa umebaki mwingi. Mfumo haukumwondoa. Aliacha karata mwenyewe, kwenye simu yake, mara tu baada ya wewe kuandika kwamba unangoja. Mtu akiacha, simu humuuliza kama ana uhakika. Alijibu ndiyo. Sina namna ya kubadilisha. Nisamehe, dada."

Nilijaribu kumtetea. Nikasema pengine kidole kiliteleza. Lakini kidole kinateleza mara moja, hakitelezi tena kwenye swali. Mtu niliyekua naye pembeni ya gunia lile, ambaye hakuwahi kurudisha karata kabla ya kushuka, siku ile alizirudisha. Kuna kitu alikiona kwenye mdomo wa shimo. Labda udongo ulikuwa unadondoka, labda miti inayoushikilia ilikuwa inalia, sitajua. Alikiona, na bado akashuka, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwepo na wenzake walikuwa wanamngoja. Kabla ya hapo akakumbuka kwamba kuna mjinga Kambarage ameandika anangoja. Hakutaka ningoje.

Nilizivuta sare za watu zilizokuwa mezani nikafunika uso, nikalia. Nilimlilia upya, na safari hii vibaya zaidi, kwa maana kwenye kilio cha kwanza nilikuwa na kaka anayecheka, na sasa nilikuwa na kaka aliyesimama peke yake na simu mkononi akiulizwa kama ana uhakika.

Mama aliweka sindano chini. "Wamesemaje, ng'wanawane, mwanangu?"

Mimi ni mtu wa kusema. Wateja wangu wanajua, majirani wanajua, na mama ndiye amenichapa zaidi ya wote kwa sababu ya mdomo huu. Nilimtazama mikono, ile ile aliyoshikwa siku ya mazishi. Nikafuta uso.

"Wamekubali, mama. Wamerekebisha. Wameandika kwamba mchezo ulisimama, alikuwa anarudi."

Akashusha pumzi ndefu, akaniambia niwaandikie asante, si vizuri kupokea tu. Nikaandika asante, mama akiwa ananitazama.

"Nilijua tu," akasema, akiokota kifungo chake. "Mwanangu angekuwa anajua, angenipigia."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Angekupigia."