Bloki la Tatu

Baba alifanya kazi katika kituo cha mitambo ya redio upande wa magharibi mwa Nairobi, mbele kidogo ya Waithaka. Kazi yake ilikuwa kupanda milingoti, kupaka vyuma rangi na kukaza nyaya. Tuliishi kwenye kota za wafanyakazi, na kati yetu na milingoti kulikuwa na ua wa ndani ambao wake na watoto hawakuruhusiwa kuupita, kwa sababu ya umeme. Mama aliishi pale mpaka nikamaliza shule na hakuuvuka hata mara moja.

Mimi ni mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana, na aliishi siku chache tu. Mama alikuwa bado amelazwa hospitalini, na hatukuwa na shamba la kumpeleka. Baba alimzika peke yake, ndani ya ule ua, mahali ambapo alijua hakuna mtu angethubutu kulima wala kujenga.

Mama aliporudi alimwomba ampandie itoka pale. Hayo ni maua ambayo kwetu hupandwa mipakani mwa mashamba. Mtu anaweza kukuibia mahindi na mbuzi, lakini itoka ataliacha. Baba alikataa. Mkubwa wake hakutaka kichaka karibu na nyaya, na isitoshe alama ilikuwepo: bloki la tatu la simiti, lile lililoshikilia waya wa mlingoti, upande wa Ngong. Lilikuwa limechimbiwa chini kuliko kaburi lolote.

"Hilo Yesu akirudi atalikuta," alisema.

Kwa hiyo mama alilitazama bloki kutoka kwenye kamba ya nguo, miaka yote ile. Sisi watoto tulidhani anaangalia mvua.

Kisha dunia ikaachana na milingoti. Kituo kilifungwa, tukahamia kwenye kiploti chetu Waithaka, vyuma vikakatwa vikauzwa kwa kilo. Miaka ya elfu mbili ilipofika, mahali pale palikuwa bustani ya asili, na vijia, ndege na kibao cha kukataza moto. Miaka hiyohiyo mama aliambiwa ini lake limeharibika na kwamba asisumbuliwe na dawa nyingi. Daktari alisema hayo kwa upole. Mimi ninauza nguo Ngara, na nawajua watu wanaokuambia kwa upole kwamba unachotaka hakuna.

"Nipeleke nione mtoto wangu," mama aliniambia. "Sasa si geti liko wazi kwa kila mtu?"

Tulienda na baba Jumapili, baada ya kanisa. Mama alikuwa na miche ya itoka ndani ya juala nyeusi ya plastiki. Niliihesabu nilipomshusha kwenye teksi, nikairudia: sita. Getini nilijaribu bahati yangu.

"Boss, huyu mzee ndiye alijenga hii mahali," nilimwambia soja.

"Kila mzee anakuja hapa alijenga," alisema, akakata tiketi tatu. "Na hiyo juala iko na nini?"

"Mboga."

Alichungulia. "Mimea ya nje hairuhusiwi."

"Hii si ya nje. Ilikuwa hapa kabla ya redio, kabla yako."

Aliangalia jinsi mama alivyoshikilia nguzo ya geti, akageuza uso. "Sijaona kitu. Lakini mkishikwa, sijui nyinyi."

Baba alitangulia. Alitembea kama mtu anayerudi kazini, mikono nyuma, akisema hapa palikuwa na chumba cha mitambo, hapa tulikuwa tunakunywa chai. Halafu akasimama. Mbele yetu kulikuwa na nyasi tu, zimekatwa sawasawa, na miti michanga imepandwa kwa mistari. Hakukuwa na bloki.

Nilirudi kumuuliza soja kuhusu mabloki. Akanionyesha kwa kidole: "Zile za simiti? Tingatinga ilizing'oa kitambo. Ndizo zile viti, kwa kidimbwi."

Yalikuwa yamepangwa kuzunguka maji, kila moja na pete yake ya chuma juu, imepakwa kijani. Juu ya la mwisho vijana wawili walikuwa wanakula chipsi. Baba alipita akiyagusa moja moja. Alipofika kwa hao vijana aliinama, akapapasa pembeni, karibu na miguu ya msichana.

"Mzee, umepoteza nini?" kijana aliuliza.

"Ni hili," baba alinijibu mimi. "Niliweka alama hapa na patasi. Hili ndilo la tatu."

Alama ilikuwepo kweli. Bloki tulikuwa tumelipata.

Mama alikuwa ameketi palepale tulipomwacha. Alituona tukirudi na sidhani alihitaji kuambiwa, lakini aliuliza. "Mliona?"

Baba aligeuka. Aliangalia milima ya Ngong, akaangalia miti, akasogea kidogo kushoto, akarudi. Kisha akanyoosha mkono kwenye nyasi kati ya miti miwili.

"Ni hapo."

"Una uhakika?"

"Ni hapo."

Namjua mtu anapotaja bei aliyoifikiria sasa hivi. Macho hutulia mapema mno. Na kama mimi nilijua, basi yule aliyeishi naye miaka yote ile alijua kabla hajafungua mdomo. Mama alimwangalia. Nilingoja akatae.

"Haya," alisema. "Basi ni hapo."

Alipiga magoti, tukamshika kila mmoja upande wake, akachimba kwa kijiko alichokuja nacho kwenye kitambaa. Alipanda miche mitatu. Mingine akairudisha kwenye juala na kuifunga fundo.

"Na hizo?" baba aliuliza.

"Za nyumbani."

Hakusema za nyumbani wapi, nasi hatukumuuliza.

Mvua za vuli hazikumkuta mama. Siku ya pili baada ya mazishi nilimleta fundi wa makaburi pale Waithaka, tulikomzika kando ya nyumba, maana siku hizi kila mtu humfunika mtu wake kwa simiti na vigae, na nilikuwa nimeshamshusha bei mpaka akaanza kunichukia. Baba alitoka nyumbani na ile juala nyeusi mkononi.

"Fundi, rudi na mifuko yako," alisema. "Simiti hapana."

Aliinama kando ya kaburi, akaanza kufungua lile fundo. Lilimchukua muda, na hakutaka nimsaidie.