Mche wa Sabuni na Mashine Iliyolia Njaa

Sisi tuliokulia Vwawa wakati sabuni inafichwa chini ya godoro, tunajuana. Mche mmoja ulikatwa kwa uzi vipande vinane, kila kipande na siku yake, na mama alikuwa anajua kwa kunusa tu mikono yako kama umekigusa. Tulikwenda shule na magaga miguuni, tunajipaka mafuta ya karanga mpaka vumbi linaganda kwenye ugoko. Tulifyonza utamu wa kahawa mbivu shambani kwa watu na kutema punje, tukifika nyumbani tunasema hatujala kitu tangu asubuhi. Tulicheka kuliko watoto wa siku hizi, ambao wana sabuni ya kunawa, ya kuogea, ya nywele na ya vyombo, na bado wananuna.

Lakini leo sikuja kuchekesha watu. Nina hasira, na ilianza Jumanne iliyopita.

Jumanne mwanangu Ezekieli alisimama katikati ya karakana yangu hapa Tunduma, mikono mfukoni, pembeni yake rafiki yake aliyesoma naye chuo cha ufundi. Wakaitazama sheipa yangu kama watu wanaotazama maiti isiyo na ndugu. Ezekieli akasema, "Mzee, hii kitu imekata moto. Pampu imekufa, na pampu ya aina hii haitengenezwi tena. Watu wa skrepa wanakuja Jumamosi, nimeshaongea nao."

Ameshaongea nao. Mashine yangu, kwenye kiwanja changu, chini ya bati nililopigilia kwa mkono wangu.

Mimi nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa viboko. Lakini nenda pale mpakani, kwenye foleni ya malori, uliza dereva yeyote aliyevunjikiwa na gia kati ya hapa na Zambia, wamchongee wapi njia ya kii, ule mfereji wa kufungia gia kwenye shafti. Watakuleta kwangu. Wenye vyeti wanakuja kwangu wakiwa wameshindwa, na wanaingia kwa mlango wa nyuma ili wasionekane. Nina mashine tatu, nyumba mbili za matofali ya kuchoma, na sijawahi kumwandikia mtu barua ya kuomba kazi. Yote hayo yalianzia kwenye hiyo sheipa wanayotaka kuikatakata.

Kwa asiyeijua, sheipa ni mashine ya kuchonga chuma. Kichwa chake kinakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, kama seremala anayepiga randa. Zipo zinazosukumwa kwa gia, lakini yangu inasukumwa kwa mafuta: pampu inanyonya mafuta kwenye tanki, inayasukuma kwa presha, nayo yanausukuma ule mzigo wa chuma taratibu kama mtu anayesogeza kitanda asimwamshe mtoto. Niliijua mashine hii kabla sijajua kusoma. Ilikuwa kwenye karakana ya kiwanda cha kahawa pale Vwawa, na fundi wake alikuwa Tata, yaani baba yangu mzazi. Sisi Wanamwanga baba tunamwita hivyo.

Tata alikuwa mtu mfupi, mwenye harufu ya mafuta ya mashine hata Jumapili kanisani. Alikuwa na fimbo ya mti mgumu, urefu wa mkono, imelainika kwa jasho. Mashine ikiugua, hakugusa spana. Aliweka ncha moja ya fimbo kwenye pampu, ncha nyingine sikioni, anafumba macho. Halafu anahamia kwenye bomba. Halafu kwenye silinda. Watu wanamngoja, meneja anatazama saa, yeye amefumba macho. Akimaliza anachovya kidole kwenye tanki, ananusa, anasugua mafuta kati ya vidole kusikia kama kuna mchanga. Ndipo anaomba spana, na mara nyingi anaomba moja tu. Alikuwa akituambia, "Usifungue kitu ambacho hujakisikiliza." Basi na sisi watoto tukawa wagonjwa wa fimbo. Tulisikiliza mashine ya kusaga, tulisikiliza mizinga ya nyuki tukaumwa, tulisikiliza tumbo la mjamzito jirani yetu mpaka akatufukuza kwa mwiko.

Ugonjwa uliomchosha kuliko wote ulikuwa hewa. Pale bomba la kunyonya likipata ufa hata mwembamba kama unywele, mafuta hayavuji nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Pampu inalia, kichwa cha mashine kinakwenda kwa kushtukashtuka, na mafuta kwenye tanki yanatoa povu kama togwa. Utatafuta panapovuja mpaka uzeeke, maana hakuna tone chini. Tata aliikamata kwa sabuni. Alitengeneza povu zito, anapaka kiungo kimoja kimoja mashine ikiwa inalia. Akifika penye ufa, povu linavutwa ndani na kilio kinapungua palepale. Amekwisha kuijua.

Na hapo ndipo vita ilipoanzia nyumbani, kwa sababu sabuni ilikuwa ya mama. Mama alikuwa anavuka mpaka kwa shangazi yake upande wa Zambia, anarudi na miche miwili imefungwa kiunoni chini ya kitenge. Kule sabuni wanaiita sopo, na sisi pia tukaiita sopo, kwa heshima. Asubuhi Tata anachukua kipande kimoja kwa siri. Jioni mama amesimama mlangoni.

"Baba Anania, mashine yako imeoga leo?"

"Imeoga kidogo."

"Haya. Watoto wako watakoga lini?"

Tata alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Mama hakucheka, ila alimpakulia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuchapa pia. Unachonga kipande cha mti, unakizungusha ardhini kwa kukichapa na ukamba wa gome. Pia nyepesi inaanguka haraka. Pia nzito inasimama wima hadi unaweza kuimba wimbo mzima. Siri ilikuwa kuiwekea uzito, na uzito bora kuliko wote ulikuwa washa ya shaba, ile pete bapa ambayo mafundi wanaibana kwenye kiungo cha bomba ili kisipitishe hewa. Jumamosi moja Tata alifungua bomba la kunyonya la sheipa kusafisha chujio. Alipanga vipande vyote juu ya gunia kwa mpangilio wa kuvirudisha. Nilikuwa nimekaa pale namshikia tambara. Alipogeuka kuchukua petroli, nilichukua washa mpya, inang'aa kama sarafu, nikaweka mahali pake nyingine niliyoiokota kwenye kopo la takataka. Niliona zinafanana. Ile ya kopo ilikuwa imeliwa upande mmoja, na yeye macho yake ya karibu hayakuwa mazuri tena. Akaifunga.

Wiki ile nilikuwa mfalme wa mtaa. Pia yangu ilisimama hadi wakubwa walikuja kuitazama.

Siku ya nne sheipa ilianza kulia. Tata alirudi nyumbani akasema, "Kuna mahali inanyonya hewa," akaomba sabuni. Kipande cha mwisho kilikuwa kimemwogesha mdogo wangu aliyezaliwa mwezi ule. Mama akasema asubiri, Jumamosi atavuka. Tata akaenda kwa meneja kuomba mche mmoja wa karakana. Meneja akasema hahitaji sabuni, mtaalamu amekwisha kuitwa kutoka mjini. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na pia mfukoni, nasikia kila neno, na nilijua. Mtoto wa Tata asijue? Nilijua vizuri sana. Nikanyamaza kwa kuogopa fimbo ileile ya kusikilizia.

Mtaalamu alikuja Alhamisi, na mkoba wa ngozi. Sikuwa shuleni, nilichungulia dirishani. Hakusikiliza kitu. Alisikia kilio kwa umbali wa hatua tano, akaamuru pampu ing'olewe. Tata akasema, "Mheshimiwa, hii pampu haijafa. Inalia njaa. Mafuta hayaifikii sawasawa, inapata hewa."

Yule bwana akamtazama. "Umesoma mpaka darasa la ngapi, mzee?"

"La nne."

"Basi niachie."

Watu wakacheka. Wale waliokuwa wanamwita fundi, waliokula viazi vyake mchana, wakacheka. Pampu ikaandikwa imekufa kwa uzembe wa fundi, ikatiwa kwenye sanduku, ikasubiriwa nyingine kutoka ng'ambo ambayo haikuja hata leo. Tata akaambiwa asirudi. Mama alivuka Jumamosi, akarudi na miche yake miwili, akaiweka mezani mbele ya Tata. Yeye akaisukuma upande wa mama. Mwezi uliofuata tukahamia Isansa kulima mahindi, na mikono ile iliyokuwa inasikia mchanga ndani ya mafuta ikashika jembe.

Mnaona kwa nini nina hasira? Nina hasira na yule bwana wa mkoba. Nina hasira na meneja aliyeninyima mche mmoja wa sabuni. Nasema aliyeninyima mimi, ndiyo, maana mche ule ungeniokoa na mimi.

Nilipopata nguvu ya kwanza mjini, kabla sijajenga, niliinunua ile sheipa ikiwa imeota majani nyuma ya karakana iliyofungwa. Niliibeba kwa tela la trekta hadi Tunduma, watu wananicheka barabara nzima. Sanduku la pampu lilikuwepo. Nikaisafisha, nikaifunga pampu ileile, nikaweka washa mpya kwenye bomba la kunyonya, nikawasha. Ikanyamaza kimya kama imeshiba. Pampu iliyoandikwa imekufa imenisomeshea watoto wanne, Ezekieli akiwemo. Nilimpelekea Tata habari, akatikisa kichwa tu. Habari ya washa sikumpa. Kila nikienda Isansa nilisema safari ijayo. Safari zikawa nyingi, na masikio yake yakaanza kuziba, mwisho yakaziba kabisa.

Basi Jumanne hiyo niliingia kwa mke wangu nikachukua sabuni bila kuomba. Nikatengeneza povu ndani ya kopo. Vijana wakatazamana, yule rafiki akatoa simu anirekodi. Nikawaambia, "Rekodi vizuri." Nikawasha mashine ikalia, nikapaka kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha tatu povu likanyonywa kwa sauti ndogo, na kilio kikakatika.

Simu ikashuka. Nikazima mashine, nikafungua kiungo. Ndani hakukuwa na washa. Kulikuwa na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, imezungushwa mara kumi, mafuta yameshaanza kuichambua.

Nikauliza nani alifungua hapa. Ezekieli akasema, "Mimi, mzee. Wiki iliyopita, nilibadilisha chujio. Washa ilidondoka sikuiona, nikaona tepu inatosha."

Nilinyanyua mkono. Mtu mzima ana ndevu, na mimi nimenyanyua mkono. Nikaona macho yake, nikaushusha, nikatoka nje nikakaa juu ya tairi. Hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Yeye aliulizwa mara moja akasema. Mimi sikuwahi kuulizwa, na miaka yote hiyo nilijifanya kwamba kutoulizwa ni kama kutokuwa na kosa.

Alhamisi nilimtuma Ezekieli Isansa kumchukua babu yake. Tulimkalisha kwenye kiti mbele ya sheipa, washa mpya imeshafungwa, nikawasha. Hakusikia kitu. Nikampa fimbo yake, ambayo ninayo mimi. Akaweka ncha moja kwenye pampu, na ncha nyingine, badala ya sikioni, akaing'ata kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Akafumba macho. Tukangoja. Ezekieli hakutazama simu, nilimchunguza. Baada ya muda Tata akaitoa fimbo mdomoni, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Haina njaa."

Hapo nikatoa pia. Nilikuwa nayo miaka yote hiyo, ndani ya sanduku la mama. Nikaiweka kiganjani mwake, ile shaba juu. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kama anavyofanya na mafuta. Akatazama bomba la kunyonya. Akanitazama mimi. Nikapiga magoti, maana maneno hayangefika.

Akaniuliza, "Ilikuwa inashinda?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wote?"

Nikaitikia tena. Wote, Tata.

Akacheka hadi akashika mbavu, akaitia mfukoni mwa koti, akaondoka nayo. Na mimi, mwenye mashine tatu, nikabaki chini na hasira zangu zote, kwa sababu miaka yote nilikuwa nasubiri fimbo na sasa najua siipati tena.

Watu wa skrepa walikuja Jumamosi, Ezekieli akawarudisha mwenyewe. Siku hizi mjini kwetu sabuni imepangwa dukani hadi darini, ya kila rangi, hakuna mama anayeifunga kiunoni. Enzi zile mche ulikatwa kwa uzi, na bado Tata alikuwa anaipatia mashine kipande chake. Jana nimemkuta kijana wangu amechonga fimbo yake, anaijaribu kwenye kompresa. Mbaya, imepinda, ameshindwa hata kuitoa gome. Nimempita kwa kunyata, nisimharibie kusikiliza.