Tasnifu ya Mwenzangu
Tulikuwa wakufunzi wa chuo kimoja Shinyanga, ofisi moja, meza zikitazamana. Yeye alitoka Pwani. Mimi nimezaliwa na kukulia Usukumani. Tulipendana mwaka wa pili, na mwaka huohuo tukajiandikisha wote kusomea uzamivu. Ndugu zake wakaleta barua ya posa, kwetu wakaipokea.

Mada yangu ilikuwa wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu Mwakitolyo. Yake msimamizi alikuwa ameikataa mara mbili. Akaniomba anisindikize machimboni, labda angepata wazo. Wale akina mama hawakumjibu lolote la maana. Mimi niliwaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaketi juu ya kiroba, nikashika nyundo nikaponda nao. Wiki ya tatu ndipo walipoanza kunisimulia.

Mmoja wao alikuwa mjane. Mumewe alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Aliniambia kwa Kisukuma jinsi alivyokaa siku tatu mdomoni mwa shimo, na jinsi alivyorudi baadaye kuponda mawe yaliyotoka shimo lilelile, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Alisema hajawahi kumweleza mtu, hata mama mkwe wake.

Jioni, chumbani kwangu mtaa wa Kambarage, nilitafsiri kwa sauti na mwenzangu akachapa, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Kisha alipika ugali, tukala tukicheka. Sina budi kukiri, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Halafu mama yangu akaugua huko Ushirombo. Nilichukua likizo nikaenda kumuuguza karibu mwaka mzima, hadi tulipomzika. Mchumba wangu alikuja msibani, akabeba jeneza pamoja na kaka zangu. Niliporudi chuoni, katibu muhtasi alinipa pole ya msiba na hongera kwa pamoja. Hongera ya nini, nikamuuliza. Akasema mwenzangu amefaulu kutetea tasnifu yake.

Nakala ilikuwa maktaba. Niliisoma nikiwa nimesimama. Maneno ya mjane yalikuwamo yote, kwa tafsiri yangu, hata lile neno moja nililolikosea. Mwanzoni, kwenye shukrani, aliniandika kama mchumba wake aliyemsaidia lugha na kumvumilia.

Nilimkuta ofisini akisahihisha mitihani. Hakukana.

"Ulikuwa unauguza," alisema. "Kazi ingelala bure. Na mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Kama ni kitu kimoja, mbona jina ni lako peke yako?"

Alisema ningeelewa hasira zikipoa. Nilipeleka malalamiko. Kamati ya chuo ikataka ushahidi. Nikawaletea madaftari yangu ya Kisukuma, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuyasoma. Mwenyekiti akanishauri tukayamalize nyumbani, kwani hayo ni mambo ya wapenzi. Mwezi uleule baba alirudisha barua ya posa.

Nilirudi Mwakitolyo kumweleza mjane, nikidhani angenionea huruma. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuweka nyundo chini.

"Nilikuambia wewe peke yako," alisema.

Ni mimi niliyeyatoa yale maneno mdomoni mwangu jioni zile, nikiwa na raha, bila kumwuliza mwenyewe. Nilikaa pale hadi mchana, yeye akiendelea kuponda.

Mwenzangu sasa ni mkuu wa idara kwenye chuo kikubwa, ameoa. Mimi bado ni mkufunzi, na nimeanza upya na akina mama wanaoanika dagaa Nkome. Naenda peke yangu, na kabla ya kuandika nawauliza ni lipi nisiandike. Kazi inakwenda polepole mno. Huku nyuma, wanafunzi wangu wanamnukuu mwenzangu huyo katika insha zao. Wanachagua kurasa zilezile za mjane, kwa kuwa ndizo nzuri kuliko zote, na wakikosea kuandika jina la mwandishi mimi ndiye ninayewasahihisha.