Mkono wa Papa wa Waya

Waya ungali pale, rafiki yangu. Mwaka huu nilirudi Kalemie, nikapita mtaa wetu wa watu wa reli, nikaukuta umefungwa kutoka paa la nyumba ile hadi kwenye mkalatusi ule ule. Siku hizi unaanikiwa nguo.

Enzi za Zaire nyumba hiyo ilikuwa ya jirani yetu, mpiga mors wa stesheni aliyestaafu, yaani mtuma habari kwa herufi za kugonga. Tulimwita Papa wa Waya. Alikuwa ameunda redio ya kuongea na kujibu kwa vyuma vilivyotupwa, akaiwasha kwa betri ya gari; waya ule ndio uliokuwa antena yake. Kila siku saa kumi alasiri, harufu ya ndagala wanaokauka ufukweni ikijaa chumba, alimgongea salamu rafiki yake wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, naye akamjibu. Hawakuwahi kuonana.

Mama alinituma nimpelekee samaki wa kukaanga, mikebuka ya ziwani, nikabaki. Papa alinifundisha mimi, binti mdogo, herufi zake kwa kugonga kijiko kwenye sahani.

"Mukono yako inakimbia, mama. Pumua. Kila muntu ana mukono yake, sawa vile ana sauti."

Wanawake wa mtaa walinicheka: "Weye, utapikia bwana yako titi-taa?"

Papa aliwajibu dirishani: "Mumuache! Nyinyi munaongea siku muzima, na hata Kigoma hamufike!"

Niliutamani mkono wake. Niliuiga hata ule mkwamo mdogo kabla ya herufi ya mwisho, maana kidole chake kilikuwa kimewahi kubanwa na mlango wa behewa. Kifua kilipomlaza, aliniketisha mezani nigonge badala yake. "Umwambie niko muzima." Nikagonga. Rafiki wa ng'ambo hakutambua chochote. Papa alicheka mpaka akakohoa.

Jambo moja alinifundisha mara moja tu. Mpiga redio akifa, aliye karibu naye huita jina lake la hewani mara tatu, kisha hunyamaza dakika nzima. "Ile njo kilio yetu," alisema. "Bila ile, wenzake watamungoja."

Alifariki Alhamisi, tukamzika Ijumaa. Jumamosi matanga yalikuwa bado uani, mama zetu wakisonga ugali wa muhogo katika sufuria za kuazima, saa kumi ikafika. Niliingia chumbani, nikawasha. Rafiki yake alikuwa anaita, anauliza amepotelea wapi siku hizi mbili. Nilijua la kufanya. Kidole kikakataa. Kwa mkono wa Papa, pamoja na mkwamo wake, niligonga: mzima, tutaongea kesho.

Nilitaka siku moja tu zaidi.

Jumapili asubuhi walikuja watu wawili wa serikali wenye karatasi ya amri, wakachukua redio na betri. Waya waliuacha kwa sababu hawakuwa na ngazi.

Miezi ikapita. Mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa akivuka ziwa, alituletea habari. Bandarini Kigoma mzee mmoja alimuuliza habari za Papa, naye akamwambia alikufa Alhamisi fulani. Mzee aliwaka.

"Wewe mama unanidanganya! Jumamosi yake nimeongea naye. Mkono wake naujua. Mwambie kama nimemkosea anisamehe, arudi hewani."

"Yule muzee amechanganyikiwa," mchuuzi alisema, na uani wote wakakubali, wakamhurumia. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, ndoo ya maji kichwani. Mchuuzi angerudi Kigoma wiki ile ile. Neno moja langu lingevuka naye. Sikulisema.

Baadaye nilisikia kwamba mzee aliendelea kuwasha redio yake kila siku, saa kumi ya kwetu, hadi naye akafa.

Mwaka huu nilisimama chini ya waya, nikagonga mkalatusi kwa ukucha, jina la Papa mara tatu, nikanyamaza. Mtoto wa nyumba alitoka kuanua nguo.

"Mama, unatafuta nani?"

Nilimwambia simtafuti mtu. Ilikuwa kweli. Upande ule wa maji hakuna tena anayengoja.