Mabao Matatu Kabla ya Alasiri

Majuzi nilimwona mwanangu akisimamisha gemu ili akaswali, nikamtilia shaka rafikiye aliyebaki kitini.

Sisi tulichezea Ukunda, katika chumba kilichonuka jasho na mafuta ya bhajia za jirani. Aliyeshindwa aliondoka kitini, na binamu yangu Hamisi hakuwahi kuondoka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimemfunga mabao matatu kwa sifuri. Ndipo adhana ya alasiri ikalia.

"Nenda ukaswali, ndugu yangu," alisema kwa upole. "Mimi nitakulindia kiti."

Niliswali nikiamini kwamba wachezaji wangu, kule kwenye skrini, walikuwa wakiningoja. Niliporudi, miguu ingali na maji ya udhu, Hamisi alikuwa ameshika pedi ya kuongozea timu yangu na kuniachia yake.

"Baada ya mapumziko watu hubadilishana timu," aliniambia. "Kwani wewe hujui mpira?"

Chumba kizima kilicheka. Nilidhani wanaucheka ushamba wangu, basi nikaketi, nikahangaika kuyarudisha mabao niliyoyafunga mwenyewe. Nilishindwa, nikampongeza kwa kumpa mkono, nikaondoka kitini.

Mwaka uliofuata, katika mechi yangu ya kwanza shuleni, mapumziko yalipokwisha nilivua jezi nikamkabidhi beki wa wapinzani. Hamisi alikuwa miongoni mwa watazamaji, naye ndiye aliyepiga makofi.